Mikrobu Iliyotoka Butembo

Mashine yenyewe haikuwa kubwa kuliko kisanduku cha miwani. Ilikaa mezani kando ya kompyuta, imeungwa kwa waya mmoja, na Joyeuse aliitazama tangu asubuhi kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kutazama.

Mwanzoni mwa mwaka walikuwa watu watatu katika labo ile ya kupima magonjwa, ya vyumba viwili, upande wa juu wa Butembo. Mkubwa wao, Docteur Mathe, alikwenda Goma kwa mkutano wa siku nne, vita vikafunga barabara nyuma yake, na mpaka leo yuko kule. Mbusa, aliyeotesha mikrobu, vijidudu vya magonjwa, meza ya pili, alisikia mji wa Kirumba umechukuliwa na waasi, akavua koti lake jeupe, akasema anakwenda kumtafuta mama yake huko. Hiyo ilikuwa wiki ya tano sasa, na simu yake haikuita. Basi Joyeuse alifungua mlango peke yake kila asubuhi, akasali kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumcheka, akavaa glavu, akaanza kazi.

Kazi ya mashine ile ni kusoma. Ndani ya kila mikrobu mna maandishi ya herufi nne tu, lakini zimepangwa mfululizo mpaka zinafika milioni nne. Mikrobu ikizaa, inanakili maandishi yake, na mara moja moja inakosea herufi. Kosa hilo linarithiwa na watoto, na watoto wa watoto. Mtu akiyafuata makosa hayo atajua mikrobu zipi ni ndugu wa tumbo moja na zipi ni za ukoo wa mbali. Docteur Mathe alimfundisha Joyeuse mambo haya baada ya saa za kazi, mwanafunzi huyu akiwa ametimiza miaka arobaini na moja, hajawahi kugusa kompyuta. Alijifunza polepole. Alilia mara mbili. Lakini alijifunza.

Safari hii aliisomesha mashine vichupa ishirini na vinne vya kipindupindu: vingi vya Butembo, vitano vya kambi ya wakimbizi wa vita kule Oicha, na vitatu vya Beni. Vile vitatu vya Beni alivichukua kwa mikono yake mwenyewe, katika kiwanja cha Mama Adèle, siku waliyomzika mumewe, Papa Luc.

Simu ililia saa nne. Alijua ni nani kabla ya kuitazama.

"Allô, mwana wangu. Mashine ilisema?"

"Bado, mama. Iko inasoma."

"Inasoma nini siku mbili? Mimi nilimaliza Zaburi yote siku moja."

"Hizi herufi zinapita Zaburi, mama."

"Mm." Nyuma ya Mama Adèle Joyeuse alisikia kuku wa kiwanja kile, akatamani kuwa huko. "Dimanche, kisha ibada, tuko na kikao. Julie na benzake banataka Falonne arudie kwabo Oicha. Nilibaambia tungojee karatasi ya labo. Karatasi ikisema ni mikrobu ya Oicha, basi, sitakuwa tena na neno ya kusema juu yake."

"Oicha kule si waasi bado banachinja batu, mama?"

"Najua. Ndiyo maana ninangoja karatasi."

Mama Adèle hakumzaa Joyeuse. Alimpokea miaka mingi nyuma, msichana asiye na wazazi aliyekuja Beni kusoma kazi ya labo, na hakumwuliza lini ataondoka. Ni yeye na mumewe Papa Luc waliosimama upande wa wazazi siku ya ndoa yake. Na mume wa Joyeuse alipokwenda Kampala kununua vitenge akaoa huko huko, ni wao waliomwambia arudi nyumbani ale. Joyeuse hakuwa na mlango mwingine duniani ambao angeweza kuuingia bila kubisha.

Nyuma ya nyumba ile palikuwa na chumba cha maombi cha mabati, na waombezi wa kartie, watu wa mtaa ule, walifunga humo siku tatu kila mwisho wa mwezi, bila chakula wala maji. Jumapili mchana, wakimaliza, walipewa kwanza kopo la maji kila mmoja, kisha uji. Mara ya mwisho Joyeuse alikuja kutoka Butembo akafunga pamoja nao. Waliokunywa walikuwa kumi na wawili. Kufikia Jumanne wanne walikuwa wanahara maji meupe kama ya mchele, na Jumatano Papa Luc akafa kabla pikipiki haijafika kumpeleka hospitali.

Aliyepika uji siku ile alikuwa Falonne, mwanamke wa Oicha aliyekimbia na mtoto wa kunyonya na kupokewa na Mama Adèle katika chumba cha pembeni. Kambi ya Oicha ilikuwa na kipindupindu. Watu hawakuhitaji kufikiri zaidi. Tangu maziko hakuna aliyekula kitu alichokigusa Falonne, wala aliyemngoja kisimani.

Saa nane kompyuta ilimaliza kupanga. Ilichora mikrobu zote kwa matawi, kama wanavyochora ukoo wa wafalme katika Biblia za mafunzo. Joyeuse alivuta kiti karibu.

Zile tano za Oicha zilikaa pamoja, mbali kabisa, herufi hamsini na kitu kutoka kwa zile za Beni. Hapo peke yake alipiga makofi na kusema, "Asante Bwana Yesu!" Haikutoka kwa Falonne. Hata kama angetaka, Falonne asingeweza kuileta mikrobu ambayo kwao haiko.

Kisha akazitazama zile tatu za Beni. Zilikuwa tawi moja, na juu ya tawi hilo hilo, kwa tofauti ya herufi moja tu, palikuwa na kichupa cha Butembo. Namba thelathini na moja ya usajili.

Ripoti za Docteur Mathe hazikuwa na majina. Alikuwa mkali sana kwa hilo: mgonjwa ni siri, andika namba. Majina yalikaa katika daftari kubwa tu, ndani ya kabati. Joyeuse alilitoa, akapitisha kidole juu ya mistari mpaka alipofika. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

*31. Mfanyakazi wa labo, kontroli ya mwezi. J.*

Alisoma tena. Akageuza ukurasa, kana kwamba upande wa pili pameandikwa kitu kingine.

Ilikuwa desturi ya labo: anayeshika mikrobu atoe choo chake mara moja kwa mwezi, kipimwe. Alikitoa Alhamisi, akaandika namba, akamwachia Mbusa aoteshe, na Ijumaa asubuhi akapanda gari la Beni kwenda kufunga. Mbusa aliona nukta za manjano katika kisahani cha kijani, akajua ni kipindupindu, akahifadhi kichupa pamoja na vingine kwa namba yake. Labda alitaka kutafuta jina baadaye. Lakini wiki ile ile Kirumba ikaanguka.

Na tumbo lake? Ndiyo, lilimsumbua. Jumatano na Alhamisi kabla ya safari alikwenda choo mara nne, tano, akasema ni sombe ya jirani, majani ya muhogo yaliyolala tangu jana. Ijumaa alianza kufunga, na tumbo lisilo na kitu lilitulia. Alimshukuru Mungu kwa hilo. Aliposimama mbele ya daftari lililo wazi alikumbuka hata maneno aliyoshukuru nayo.

Jumapili ile ni yeye aliyegawa maji. Mama Adèle alisema, mgeni wa mbali apewe heshima. Sabuni ilikuwa imekwisha tangu jana yake, akajimwagia maji kidogo mikononi, akaenda. Mfukoni alikuwa na chupa ya kloru, dawa ya maji, kama siku zote, akaifungua juu ya beseni, na Mama Adèle akamshika mkono.

"Hapana, mwana. Ile inanuka riposte. Batu bamefunga siku tatu, unataka bakunywe harufu ya maziko ya Ebola? Leo tu, tuache maji iwe maji."

Katika Beni hakuna asiyeijua harufu ile. Iliingia nyumbani pamoja na watu wa riposte, waliokuja kupigana na Ebola wamevaa nguo za plastiki, wakamchukua mgonjwa, na hakurudi. Joyeuse alilijua hilo kama wao. Akaifunga chupa. Akachovya kopo katika beseni, na vidole pamoja na kopo, mara kumi na mbili. La kwanza alimpa Papa Luc, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mzee kuliko wote.

Hakulia mbele ya daftari lile. Alitoa kichupa cha pili cha namba thelathini na moja katika friji, akaanza kazi yote tangu mwanzo, kwa sababu mashine inaweza kukosea na mtu pia. Ilichukua siku mbili. Alisali, lakini sala yake haikuwa nzuri. Aliomba herufi zigeuke. Siku ya pili zilitoka zile zile.

Basi yule mwanamke aliyekuwa peke yake katika vyumba viwili akaanza kufikiri mambo ambayo mtu hufikiri akiwa peke yake. Daftari lilikuwa kabatini. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Mbusa hakuwapo, na Docteur alitaka namba tu. Falonne angeweza kuokolewa na sentensi moja ya kweli, kwamba mikrobu haikutoka Oicha, na sentensi ya pili haikuhitajika na mtu yeyote. Alijiambia hivyo mpaka ikafanana na busara. Akapiga simu Beni.

"Mama, haikutoka Oicha."

"Uko sûre, kweli kabisa?"

"Niko sûre, mama. Ilitoka Butembo."

"Butembo!" Mama Adèle alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Asante Mungu. Julie! Kuja usikie. Anasema ni ya Butembo."

Simu ikakwaruza, na sauti ya Julie ikaingia. Julie alikuwa mwombezi wa miaka mingi, mwenye kifua kikubwa cha kuimba na kikubwa zaidi cha kusema.

"Joyeuse, bonjour. Ile mashine yako iko na akili, weye! Falonne alipitia wapi mbele ya kufika hapa? Si Butembo? Si alilala kwa shangazi yake wiki mbili? Kumbe ilikuwa huko. Tulikuwa tunatafuta Oicha bure!"

"Julie, hapana. Si yeye."

"Nani basi? Nani mwingine alitoka Butembo akafika hapa? Ama ni wewe?" Julie akacheka kicheko kikubwa, na nyuma yake watu wengine wakacheka. "Wewe mwenye kunawaka mikono kila saa! Hapana, dada, ma sœur. Karatasi iandike, tutaisoma dimanche. Mungu akubariki na kazi yako."

Joyeuse alibaki na simu sikioni baada ya kukatika. Nusu ya ukweli ilikuwa imemfunga Falonne kamba kali kuliko ile ya kwanza.

Jumamosi asubuhi alichapa karatasi, akaitia katika bahasha, akatafuta motari, dereva wa pikipiki, anayejua njia. Waliteremka bila maneno mengi. Pale Maboya, katikati ya njia, palikuwa na askari na kamba barabarani, wakaangalia kadi yake, wakamwachilia. Njia nzima alijaribu kupanga maneno, na kila aliyoyapanga yalianza na "lakini". Akayaacha.

Katika kiwanja cha Mama Adèle, mizigo ya Falonne ilikuwa tayari mbele ya chumba cha pembeni: godoro lililokunjwa, sufuria mbili, gunia. Falonne mwenyewe alikaa juu ya gunia, mtoto mgongoni, kama mtu anayengoja gari. Mama Adèle alichambua maharage juu ya ungo na hakumtazama. Julie alikuwa amesimama katikati.

"Ah, labo imefika!" Julie alisema. "Karibu. Tulisema tusingoje kikao, mvua isimukamate mu njia, kwa hiyo ataondoka leo, motari wa Oicha anakuja midi, saa sita. Hatumufukuze, jamani. Tunamusindikiza."

"Kwa mizigo yote?" Falonne alisema chini kwa chini.

"Unataka tubakishe sufuria tukumbuke uji?"

Joyeuse hakuketi. Alisalimu, "Bwana asifiwe," wakaitika. Akampa Mama Adèle bahasha, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na vumbi la maharage, Mama Adèle aliiweka juu ya goti bila kuifungua.

"Soma wewe, mwana wangu. Macho yangu haifikie."

"Mama, ile mikrobu ni yangu."

"Ya labo yako. Ndiyo, ulisema."

"Hapana, mama. Ni ya tumbo yangu. Nilikuja nayo hapa. Mimi ndiye nilikuwa mugonjwa wa kwanza, mbele ya wote, na mimi ndiye niligawa maji. Falonne hakuna kitu alifanya."

Ilikuwa kama amesema kwa lugha ya kigeni.

"Mashine ilikosea," Mama Adèle alisema. Alisema kwa upole, kama anayemfunika mtoto. "Kitu kidogo vile, si inakosea."

"Nilisoma mara mbili, mama."

"Soma mara ya tatu."

"Nitasoma hata mara kumi. Itasema ile ile."

Mama Adèle aliuweka ungo chini. Sasa alimtazama, na Joyeuse alitamani asimtazame.

"Ulijua tumbo ilikuwa mubaya?"

"Nilijua. Nilizania ni sombe."

"Na ukatia mukono yako mu maji ya batu."

"Nilitia, mama."

"Papa yako alikunywa ya kwanza." Alikuwa akimwita Papa Luc hivyo mbele yake siku zote, papa yako. "Alisema maji ni tamu sana. Unakumbuka? Alisema, mukono ya mwana wetu ni tamu."

Joyeuse aliitika kwa kichwa.

"Na dawa ya maji ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

Kuku walikuja kwenye ungo wakaanza kudonoa maharage, na hakuna aliyewafukuza. Kisha uso wa Mama Adèle ukabadilika polepole, si kwa hasira, bali kama mtu anayeona kitu kilichosimama nyuma ya kingine.

"Mimi ndiye nilikushika mukono," alisema. "Nilikuambia, leo tu."

"Mama, si wewe. Ni mimi ninajua kazi hii. Haikufaa nikubali."

"Usinifundishe." Alisimama kwa kushika ukuta. "Wiki tano ninamutazama huyu binti kama mwuaji, na mutoto wake mu mugongo. Wiki tano ninaomba Mungu anionyeshe. Sasa ameonyesha. Acheni nikae kwanza."

Aliingia ndani. Walisikia akivuta kiti. Julie alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Sauti ya Mama Adèle ilitoka kupitia dirisha.

"Julie. Fungua ile mizigo. Godoro irudie ndani."

"Ndiyo, mama."

"Na kesho mu kikao utasema wewe mwenyewe kama Falonne hana kosa, na kinywa ile ile ulimusema nayo. Mimi pia nitasema yangu. Joyeuse."

"Mama."

"Rudia kwa kazi yako. Nitakuita. Leo hapana. Sijui ni siku gani."

"Ndiyo, mama."

Alingoja kidogo, kwa kuwa katika nyumba ile mgeni hakuwahi kuondoka bila mtu kumfikisha barabarani, na Papa Luc alikuwa akibeba hata mkoba wa anayeondoka. Julie alikuwa ameinamia kamba za godoro. Joyeuse akatoka peke yake, akasimama mbele ya duka lililofungwa, mahali motari hupita.

Alisikia ndala nyuma yake. Alikuwa Falonne. Alikuja akasimama hatua mbili kutoka kwake, akimtikisa mtoto, macho barabarani.

"Yaya," alisema, kama anayemwita dada mkubwa. "Kwa kweli si mimi?"

"Si wewe. Hata kidogo."

"Maana mimi nilijua ni mimi." Alisema bila kupandisha sauti. "Niliona batu benyi vile, benye kuomba, habawezi kukosea bote. Kila mara nilitaka kunyonyesha huyu, nilisugua mikono na majivu mpaka ngozi ikatoka. Angalia." Alionyesha viganja. Joyeuse aliviangalia, na akavishika, na Falonne alimwachia avishike, lakini hakuvikunja juu ya vyake.

"Unisamehe, Falonne."

"Ulijua tangu lini?"

Joyeuse angeweza kudanganya, aseme ni leo. "Tangu siku ile ya kwanza mashine ilimaliza. Siku tatu."

"Siku tatu," Falonne alisema. Alizihesabu kwa macho, pengine alikumbuka kila moja ilivyokuwa. Akatoa mikono yake taratibu, akamrekebisha mtoto mgongoni.

Motari walipita wawili wakiwa wamepakia. Jua lilikuwa la utosi. Joyeuse alimwambia arudi ndani, mtoto ataungua, na Falonne akajifunika yeye na mtoto kwa kitenge kimoja, akabaki amesimama pale pale. Alipofika motari asiye na abiria, Falonne alimtajia huyo motari bei ya watu wa Beni, si ya wageni, akangoja mpaka Joyeuse akapanda na kukaa vizuri, ndipo akageuka kurudi kiwanjani.